Kamba Ina Ncha Mbili: Dhima ya Mfugo wa Nyumbani

Nilikuwa kijana wa miaka kumi na mmoja, ningali nasoma chuoni, siku bibi yangu aliponikabidhi koo lake la mbuzi. "Mpeleke uwanjani penye majani," akaniambia, "umfunge kivulini, na kabla ya adhuhuri umrudishe aje anywe maji." Agizo lilikuwa hilo tu. Mbuzi mwenyewe alikuwa mweupe, ana mimba ya miezi minne, na bibi alikwisha kuhesabu siku zake kwa vidole.

Walakin siku ile wenzangu walikuwa wakienda kuogelea. Nikamfunga mbuzi kwenye kisiki cha mnazi, chini ya kivuli kizuri cha asubuhi, nikashika njia ya pwani.

Kivuli cha asubuhi, ndugu msomaji, si kivuli cha adhuhuri. Jua lilipopanda kivuli kilihama, na mbuzi akahama nacho. Akakizunguka kisiki mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na kila mzunguko kamba ikafupika, hata shingo ikabanwa na kisiki na jua likawa utosini. Niliporudi alasiri nilimkuta amelala, ulimi nje. Hakufa. Lakini usiku ule alitupa mimba: wana wawili pacha, wote majike.

Bibi hakunipiga. Kesho yake alinishika mkono akanipeleka kwa Maalim, akamweleza yaliyotokea, akaenda zake. Maalim naye hakugusa bakora. Alinisimulia habari iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka: alimfungia ndani, asimpe chakula wala asimwache akajitafutia vijidudu vya ardhini. Kisha akaniuliza: "Kamba ina ncha ngapi?" Nikajibu, mbili. "Moja uliifunga shingoni mwa mbuzi. Ya pili iko wapi?"

Nikamwambia iko kwenye kisiki. Akatikisa kichwa. "Iko shingoni mwako, mwanangu. Ulidhani umemfunga yeye peke yake."

Leo nimevuka hamsini, na kila nionapo mbuzi amefungwa mlangoni pa nyumba, huiangalia kwanza kamba, kisha nikalitazama jua.

Hazina ya uani

Ufugaji wa nyumbani kwetu Pwani si jambo la jana. Nani kati yetu hakuamshwa na jogoo wa jirani? Nani hakutumwa kwenda kumtafuta kuku aliyekwenda kutaga nyumba ya pili? Kuku wa uani ndio waliokuwa fedha za akina mama: mayai ya kununulia chumvi na mafuta ya taa, mtetea wa kumchinjia mgeni, na beberu wa kuuzwa siku ya haja kubwa. Mume hakuulizia hesabu hiyo, na mwenye adabu hakuitia mkono.

Kazi yenyewe ina heshima katika dini. Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa hakuna Nabii aliyetumwa ila alipata kuchunga mbuzi na kondoo, naye mwenyewe aliwachungia watu wa Makka kwa ujira. Na Qur'ani yatukumbusha kwamba wanyama na ndege ni umma kama sisi tulivyo umma.

Tangu mwaka 2020, korona ilipofunga hoteli na kuwarudisha watu majumbani, wengi wameirudia kazi hii. Nenda Kisauni, nenda Likoni, panda hata kwenye sakafu za juu za nyumba za Mji wa Kale: utasikia vifaranga, utaona vizimba vya sungura vimepangwa kama makasha ya bandarini, utakuta mbuzi amefungwa chini ya ngazi. Nyumba zimekuwa ndogo, nyua zimekwisha, na mifugo imeongezeka. Hapo ndipo penye mashaka.

Sikuja kumkataza mtu riziki yake. Nimekuja kuuliza swali la Maalim wangu. Maana mnyama wa mwituni hana mdai ila Mola wake. Lakini huyu uliyemfunga, ukamchagulia dume, ukamzalisha, chakula chake ni juu yako, maradhi yake ni juu yako, na kufa kwake ni juu yako. Kila kifaranga aliyeanguliwa kwa shauri lako ni deni jipya.

Kumfunga au kumwachia?

Mashaka ya kwanza ni haya: mbuzi umfunge au umwachie?

Ukimfunga kwenye kichochoro hatembei, hapati jua wala majani, na siku ukichelewa safari ndipo yatakapomkuta yaliyomkuta mbuzi wa bibi yangu. Ukimwachia, atakwenda jaani. Atakula karatasi, atakula nguo mbovu, atakula plastiki. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mnamo Agosti 2017, lakini majaa yetu hayajakosa plastiki za namna nyingine, na mbuzi hachagui. Plastiki haisagiki tumboni; hujikusanya ikawa donge, na mnyama akakonda huku tumbo limejaa. Waulize wachinjaji wameona nini matumboni.

Tena mnyama alaye uchafu ana hukumu yake. Wanazuoni humwita *jallala*, na imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza nyama yake na maziwa yake. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, Imamu Nawawi ameona kuwa ni makuruhu, mpaka mnyama azuiliwe alishwe chakula safi hata harufu ile iondoke. Ibn Umar, Mungu amridhie, alikuwa akimzuia kuku siku tatu kabla ya kumla. Wazee wetu waliijua ada hii: kuku aliyenunuliwa sokoni hakuchinjwa siku ile, alifungwa kamba mguuni akalishwa mtama. Siku hizi twasema tu kuwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni, tukadhani kamba ni ya kumzuia asipotee.

Kisha yuko jirani. Mbuzi uliyemwachia akila mchicha wa jirani yako, nani alipe? Kesi hii ni ya zamani mno, na imetajwa katika Suratul Anbiyaa: mifugo ya watu iliingia usiku katika shamba la wenzao, na Mitume wawili, Daudi na mwanawe Suleiman, wakaihukumu. Wafasiri wamesimulia kwamba Daudi aliona mwenye shamba apewe wale wanyama. Suleiman akaona jingine: mwenye shamba apewe wanyama kwa muda anufaike na maziwa na wazao wao, na mwenye mifugo alilime lile shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mtu arudishiwe chake. Na Mwenyezi Mungu ametaja kuwa alimfahamisha Suleiman.

Tazama uzuri wa hukumu ile. Haikumfilisi mfugaji, wala haikumwambia mkulima astahamili. Ilimwinamisha mwenye mbuzi katika shamba la mwenzake, akaona kwa mikono yake ni kazi gani iliyoliwa usiku mmoja. Laiti wafugaji wa mitaani kwetu wangeshika jembe la jirani japo siku moja, au wakafagia baraza iliyochafuliwa na kuku wao! Magomvi mengi yafikayo kwa mzee wa mtaa yangekwisha mlangoni.

Beberu wa mtaa

Mashaka ya pili yanahusu kuzalisha kwenyewe, na watu huona haya kuyazungumza.

Mtu ana majike matatu na beberu mmoja. Jike la mbuzi huchukua mimba miezi mitano, na ndenge huweza kupanda akiwa na miezi minne tu. Mwachie beberu mmoja katika zizi moja miaka minne: atakuwa baba, atakuwa mume wa binti zake, atakuwa babu wa watoto wake mwenyewe. Wanyama hawana sharia ya maharimu, hilo twalijua. Lakini damu ina sheria zake. Wana huzaliwa wadogo, wengine na hitilafu, wengine hawafikishi mwezi, na majike hukawia kushika mimba. Mfugaji husema, "Mbuzi wangu wamepatwa na jicho." Si jicho. Ni yeye aliyekwepa kutafuta dume jingine.

Kwa nini akwepe? Kwa sababu mwenye beberu zuri huomba ujira kila jike linapoletwa. Na hapa wengi wetu hatujui kuwa jambo hili lina hukumu. Imo katika Bukhari, kutoka kwa Ibn Umar, kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza ujira wa dume. Mashafi wameichukua kuwa ni haramu kuuza au kukodisha upandaji wa dume. Mamaliki wameruhusu kukodi kwa muda uliojulikana. Imepokewa na Tirmidhi kwamba watu walimweleza Mtume kuwa wao huazima madume nao hupewa takrima, naye akawaruhusu takrima hiyo.

Yaani asiyekuwa na beberu humwendea aliye naye. Mwenye beberu hutoa bila kutaja bei. Na aliyesaidiwa hurudi na pishi ya mahindi au mzigo wa majani kwa moyo wake. Tena katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Jabir, Mtume alipoulizwa haki ya ngamia ni ipi, alitaja miongoni mwa haki hizo kuazima dume lao na kumpa mwenzio mnyama wa maziwa akamnufaikie kisha amrudishe.

Najua nitaambiwa: beberu hula, beberu huugua, beberu wa maziwa wa kizungu amenunuliwa kwa maelfu. Ni kweli, na mwenye mali ana haki. Lakini mtaa wenye koo ishirini za mbuzi hauwezi kununua beberu mmoja kwa shirika, akakaa kwa huyu mwaka huu na kwa yule mwaka ujao, kisha akabadilishwa na wa mtaa mwingine? Hapo ada ya dini na elimu ya mifugo zimekutana njia moja: moja yasema azima, ya pili yasema changanya damu.

Madume waliozidi

Mashaka ya tatu ni mazito zaidi. Katika kila vifaranga ishirini, takriban kumi ni majogoo. Mitetea kumi yatosha jogoo mmoja. Hao tisa watakwenda wapi?

Viwanda vya kuangulia kuku wa mayai vina jawabu lao: vifaranga madume wa aina ile hawatagi, wala hawanenepi upesi, basi huuawa siku ile ile waliyoanguliwa. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo kuanzia mwaka 2022. Anayenunua mitetea wa kizungu mia moja wa siku moja na asichukue jogoo hata mmoja, asidhani mkono wake haumo. Hapa mfugaji wa kuku wa kienyeji ana fadhila yake, kwa kuwa humlea jogoo mpaka akawa kitoweo.

Lakini hata yeye hujaribiwa. Tunao kuku wa kuchi, fahari ya Lamu na Mombasa: mrefu wa miguu, mpana wa kifua, upanga mdogo kichwani, akisimama kama askari. Wazee wamemtunza vizazi na vizazi, na si haki mbegu yake ipotee. Hata hivyo kuna wamzalishao kwa ajili ya kumpiganisha tu, wakamchagua mkali wa wakali, wakashangilia akitobolewa jicho. Mtume (S.A.W.) alikataza kuwachochea wanyama wapigane, na sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama inakataza vilevile. Mfuge kuchi kwa umbo lake na nyama yake. Akimpiga mwenzake uani kwa tabia yake, mtenge. Lakini ukimpeleka uwanjani, wewe ndiwe uliyepiga.

Yuko na ndenge. Ndenge wawili katika ua mdogo hawakaliki, basi huhasiwa. Wanazuoni wa Kishafi wameruhusu kumhasi mnyama wa kuliwa akiwa bado mdogo, kwa maslaha ya nyama, na wakakataza akiwa mkubwa. Bali ruhusa hiyo si ruhusa ya kisu butu na mwenye kujaribu bahati. Kuna madaktari wa mifugo na kuna vyombo vya kazi hiyo. Mwenye kupata kilo za nyama kwa kuhasi asilalamikie malipo ya fundi.

Na mtetea aliyekoma kutaga? Na sungura jike aliyechoka? Sungura hubeba mimba kama mwezi mmoja tu, na jike huweza kumpokea dume siku ile ile aliyozaa. Mwenye tamaa huona hiyo ni faida, akamrudishia dume kabla wana hawajafungua macho, na baada ya mwaka jike limebaki ngozi na mifupa. Kuweza kwa mnyama si kibali cha kumfanyisha.

Imamu Nawawi katika Minhaji, kitabu ambacho Pwani hii tumekisoma misikitini vizazi kwa vizazi, ameliweka wazi: mwenye mnyama ni wajibu wake kumlisha na kumnywesha, wala asimkamue hata akamdhuru mwana anyonyaye. Akikataa kumlisha, hulazimishwa: amlishe, au amuuze, au amchinje ikiwa ni wa kuliwa. Njia ni hizo. Kumfungulia mlango akajitafutie ni halali penye malisho ya kumtosha. Jaa la mtaani si malisho.

Tuliona mfano wake karibu. Mwaka 2013 nchi nzima ilishikwa na homa ya kware. Watu walisikia kuwa mayai ya kware ni dawa ya kila ugonjwa, wakaomba leseni kwa Shirika la Wanyamapori, wakajaza vizimba hata vyumbani mwa kulala. Mwaka 2014 bei ikaanguka, na watu wengi wakabaki na ndege wasio na mnunuzi. Wenye fedha walilia fedha zao. Nami nikauliza, wale ndege walililiwa na nani? Walizalishwa kwa maelfu kwa ajili ya uvumi, na uvumi ulipokwisha hakuna aliyekuwa ameweka nia ya kuwalisha.

Kideri kikipiga hodi

Sasa nisimulie lililonishinda mimi mwenyewe.

Mtaani kwetu kuna mama mmoja mjane, mwenye kuku ishirini na watatu. Asubuhi moja aliniita uani kwake. Kuku wanne walikuwa wamezubaa, mabawa yameshuka, mavi ya kijani, mmoja shingo imempinda. Kila mfugaji aijua sura hiyo: ni kideri. Kikishaingia katika kuku wasiochanjwa, aghalabu huondoka nao karibu wote, na dawa ya kuwaponya hakuna. Mlangoni alikuwapo mchuuzi mwenye baiskeli na tenga, tayari kuwachukua wale kumi na tisa waliobaki, ambao kwa macho walikuwa wazima.

"Ndugu yangu," akaniuliza, "niwauze?"

Nikamweleza niyajuayo. Nikamweleza habari ya Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta chini imelowa, akasema mwenye kughushi hayumo katika sisi. Nikamweleza na hadithi ya kwamba mwenye mifugo migonjwa asiilete kwenye mifugo mizima. Kuku wale wakipanda tenga wataingia soko la Kongowea, na kutoka hapo watakwenda nyua mia. "Mwite afisa wa mifugo," nikasema, "na hao uwazike."

Akanitazama muda mrefu. Kisha akasema: "Maneno yako ni ya haki. Na karo ya mwanangu utanilipia wewe?"

Wasomaji wangu, nimeandika magazetini miaka mingi, na nimetunga mashairi ya nasaha yasiyo na idadi. Siku ile sikuwa na jibu. Yeye hakuwauza. Alimrudisha mchuuzi, akafunga mlango. Kwa siku sita alizika kuku, na mwisho walibaki wawili. Haki ya soko zima aliibeba mjane mmoja, nasi tuliomhubiria tulikwenda kula chakula chetu cha mchana.

Lililoniuma zaidi nililijua baadaye. Chanjo ya kideri ipo, ni tone moja tu la jicho, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Lakini huja katika chupa ya kuku mia na zaidi, yataka ubaridi, na ikishafunguliwa haiwekwi. Mwenye kuku ishirini na watatu hununuaje chupa ya mia? Hufanya hesabu, huona ni hasara, huacha, husema Mungu atalinda. Na jirani yake mwenye kumi husema vivyo hivyo, na wa tatu mwenye kumi na watano vivyo hivyo. Kila mmoja peke yake hawezi. Wote pamoja chupa moja yawatosha na kubaki.

Tulipolijua hilo tulichanga. Nyumba saba, chupa moja, na kijana mmoja aliyefundishwa kudondosha tone. Mjane yule alipewa mitetea wanne na nyumba nne mbalimbali, wa kuanzia upya. Si ukarimu, ni deni tulilokawia kulilipa. Ndipo nilipofahamu kuwa Maalim alinifundisha nusu ya somo kwa kuwa nilikuwa mtoto. Ncha ya pili ya kamba iko shingoni mwa mwenye mnyama, naam, lakini mjini kamba hupita juu ya ukuta, ikagusa na shingo ya jirani.

Siku ya kisu

Mwisho wa wengi katika wanyama hawa ni kisu, na hapo sina haya. Kimehalalishwa, na aliyekihalalisha ameamrisha wema hata katika kuchinja: kisu kinolewe, mnyama astareheshwe. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alimkemea mtu aliyemlaza mbuzi huku akinoa kisu mbele ya macho yake, kwamba ataka kumuua mara mbili. Basi kisu kinolewe usiku, na mwenzake aliyebaki zizini asiletwe kutazama.

Mfugaji wa nyumbani ana amana nyingine hapo. Mbuzi wa udh-hiya, kwa madhehebu yetu, sharti awe ametimiza miaka miwili. Aliyenunua sokoni hutazama meno na kukisia. Lakini wewe uliyemzalisha wajua siku aliyodondoka. Idul Haji ikikaribia na bei ikapanda, ukamuuza wa mwaka mmoja na nusu kwa kuwa ni mkubwa wa mwili, umeuza ibada ya mtu.

Na watoto je, waliompa mbuzi jina na kulala naye barazani? Watu wengine humficha mtoto siku hiyo, wakamwambia mbuzi amekwenda kwa mjomba. Mimi sioni vyema. Mtoto huyo ndiye aliyemchukulia maji mwaka mzima. Ana haki ya kuambiwa kweli, tena aambiwe tangu siku ya kwanza. Akilia mwacheni alie. Afadhali alaye nyama akijua ilikuwa na jina kuliko yule adhaniye yatoka katika friji.

Kwa hivyo, wewe unayetaka kununua koo lako la kwanza kesho, kabla ya kuuliza atazaa wangapi, jiulize manne. Nikisafiri siku tatu, nani atamnywesha? Nani ataniazima dume, nami nitamwazima nani? Madume wakizidi na wazee wakichoka, nimewawekea nia gani? Na akiugua, nitamwambia nani kabla ya kumwambia mchuuzi? Ukiwa na majibu, funga kamba yako kwa Bismillahi.

Bibi yangu alinirudishia koo lile wiki mbili baada ya kisa kile. Nilishangaa. Nilimwuliza kwa nini anipe tena. Akasema, "Sasa wajua jua huenda wapi." Mwaka uliofuata alizaa pacha, nami niliwanywesha wote kwa mkono wangu. Nimalize kwa beti moja, malipo ya somo lake:

Ukimfunga mnyama, ncha ya pili i shingoni,
Umlishe kwa huruma, maji yajae chomboni,
Jirani asije sema, ati mbuzi wa fulani,
Kwanza dhima ndipo nyama, tutaulizwa mizani.